Hukumu Iliyotangulia Hesabu

Kila zinapotokea habari za aina mpya ya mafua, hakosekani mtu wa kukumbusha mwaka 2009. Tuliambiwa, atasema, kwamba mafua ya nguruwe yangefagia dunia. Abiria wakapimwa joto viwanja vya ndege, serikali tajiri zikamwaga fedha kwenye chanjo, Shirika la Afya Duniani likatangaza janga, halafu ugonjwa ukapita kama mafua mengine na watu wakaendelea na shughuli zao. Tulitishwa bure. Kauli hiyo imerudiwa bungeni, magazetini na vijiweni mpaka imekuwa mizani ya kupimia kila tahadhari inayokuja: hii nayo ni kama ile ya 2009. Ninaipinga. Naipinga kwa sababu hesabu zake si sahihi, na kwa sababu inautumia mwisho wa jambo kuhukumu ushahidi uliokuwepo mwanzoni mwake. Naipinga zaidi kwa sababu sisi wa Afrika Mashariki ndio wa mwisho wenye haki ya kuitamka. Wenzetu waliosema mafua yale hayakuua angalau walikuwa wamehesabu wafu wao.

Tuanze na neno lenyewe, ukali. Ukali wa ugonjwa husemwa kwa sehemu, zile tulizofundishwa shule ya msingi: juu ya mstari kiasi, chini ya mstari asili. Juu tunaandika waliokufa, chini tunaandika walioambukizwa. Ni hesabu ya mtoto, lakini katika wiki za kwanza za virusi vipya hakuna anayeijua namba ya juu wala ya chini. Asili huwa ndogo kuliko ilivyo kweli, kwa kuwa aliyekohoa siku tatu, akanywa chai ya tangawizi na kupona, hakufika hospitali wala hakupimwa. Hilo huufanya ugonjwa uonekane mkali kupita kiasi. Kiasi nacho huwa kidogo, kwa kuwa aliyelazwa leo akiwa mahututi huenda akafa wiki mbili baadaye, na aliyefia nyumbani ataandikwa kuwa alikufa kwa kichomi, au hataandikwa kabisa. Hilo huufanya ugonjwa uonekane mpole. Makosa haya mawili huvuta kila moja upande wake, na hakuna ajuaye mapema lipi lina nguvu zaidi. Kwa hiyo anayedai kuujua ukali wa virusi vipya ndani ya mwezi wa kwanza, awe anatisha au anatuliza, anadai kujua jibu la hesabu ambayo namba zake bado zinakusanywa.

Ndivyo ilivyokuwa Aprili 2009. Virusi vilitambuliwa katikati ya mwezi huo kwa watoto wawili wa kusini mwa California, na wote wawili walipona. Siku chache baadaye ikabainika kwamba virusi hivyohivyo vilikuwa vinaua watu ng'ambo ya mpaka, Mexico. Mwisho wa mwezi maofisa wa Mexico walikuwa wanataja vifo zaidi ya 150 vinavyoshukiwa, ilhali vilivyothibitishwa maabara vilikuwa 7 tu. Wenye kauli ya vitisho vya bure huishika tofauti hiyo kama mtu aliyemkamata mwizi: mnaona, walisema 150, kumbe 7. Lakini namba hizo mbili zilikuwa zinajibu maswali mawili. Ile ya kwanza ilihesabu watu waliokufa wakiwa na dalili za kichomi kikali, na bila shaka baadhi yao waliuawa na maradhi mengine. Ya pili ilihesabu wale tu ambao sampuli zao zilichukuliwa, zikahifadhiwa, zikafika kwenye maabara yenye uwezo, na majibu yakarudi. Mtu aliyezikwa bila kuchukuliwa sampuli hakuwa mzima kwa sababu hiyo. Hakuna aliyedanganya, kila namba ilikuwa imeshika pembe moja ya shuka.

Kilichowashtua wataalamu hakikuwa wingi wa vifo bali aina ya waliokufa. Madaktari wa Taasisi ya Taifa ya Magonjwa ya Mfumo wa Hewa jijini Mexico City walieleza habari za wagonjwa wao 18 wa kwanza wenye kichomi kilichothibitishwa kutokana na virusi hivyo. Zaidi ya nusu walikuwa na umri wa miaka 13 hadi 47. Wanane tu walikuwa na maradhi ya awali. Kumi na wawili waliwekewa mashine za kupumulia, na 7 wakafa. Mafua ya kila mwaka hayafanyi hivyo. Huwachukua wazee na wachanga, na kuwaacha watu wa makamo wakilalamika kitandani. Mafua yaliyojulikana kwa kuwaangusha vijana wenye nguvu zao ni yale ya 1918, ambayo wanahistoria wanakadiria kuwa yaliua watu wapatao milioni 50. Wagonjwa 18 ni wachache mno kutolea hukumu, na hakuna mtaalamu makini aliyetoa hukumu kwa hao 18. Lakini kuwaona na kusema tusubiri kidogo ingekuwa uzembe.

Kisha makadirio yakaanza kutoka. Mwezi Mei kundi la watafiti lililoongozwa na Christophe Fraser wa Imperial College, London, lilikadiria kwamba watu 23,000 walikuwa wameambukizwa Mexico hadi mwisho wa Aprili, pengine 6,000, pengine 32,000, na kwamba katika kila walioambukizwa 1,000 walikufa 4. Wakaeleza wazi kwamba inaweza kuwa zaidi ya mara tatu ya hapo. Baadaye mwaka huohuo watafiti waliochunguza takwimu za New York na Milwaukee wakapata kitu kingine: kati ya wagonjwa 100,000 wenye dalili wangekufa 48 ukihesabu kwa njia moja, au 7 ukihesabu kwa njia nyingine. Uingereza nayo, mwezi Desemba, ikahesabu 26 katika kila 100,000. Ukiziweka namba hizi kwenye kipimo kimoja unapata 400, 48, 26 na 7. Mwenye haraka atasema wanasayansi walikuwa wanabahatisha. Mimi nasema zipimwe namba hizo kwa uamuzi uliokuwa unangoja. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania karibu milioni 45. Tuseme theluthi yao, milioni 15, wangeugua. Kwa makadirio ya Mei wangekufa 60,000. Kwa makadirio ya chini kabisa wangekufa 1,050. Waziri aliyekaa mezani mwezi Mei hakuwa na namba ya Desemba. Alikuwa na upana tu, na wajibu wake ulikuwa kuamua ndani ya upana huo.

Hapa ndipo kauli ya vitisho vya bure inapoanguka kwa hoja kabla hata haijaanguka kwa takwimu. Inachukua jibu lililopatikana baada ya mwaka mzima wa kazi na kumlaumu aliyeamua kabla jibu hilo halijakuwepo. Nahodha anayegeuza jahazi kuingia bandarini kwa sababu ya wingu jeusi hakosei eti kwa kuwa wingu lilipita likinyunyiza tu. Hukosea ikiwa wingu halikuwepo, au ikiwa alitupa shehena baharini bila sababu. Nao wanaosema ingefaa kusubiri uhakika wanasahau kwamba chanjo ya mafua huchukua miezi mitano hadi sita kutoka kuchagua mbegu ya virusi hadi dozi ya kwanza kwenye bega la mtu. Walioanza kuitengeneza mapema waliipata Oktoba, wakati wimbi la pili lilikuwa tayari limepamba moto kaskazini mwa dunia. Ambaye angesubiri makadirio ya Desemba angeipata Mei au Juni 2010, kuchanja watu ambao tayari wamepona au wamezikwa. Kusubiri nako ni uamuzi, na una wafu wake, ila hao hawapigwi picha.

Isitoshe, lile linalodaiwa kutangazwa halikutangazwa. Tarehe 11 Juni 2009 Margaret Chan, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, alipotangaza kwamba dunia imeingia kwenye janga, virusi vilikuwa vimethibitishwa katika nchi 74 na wagonjwa walikuwa wanakaribia 30,000. Katika tangazo lilelile alisema kwamba kwa ushahidi uliopo ukali wake ni wa wastani, kwamba wengi mno hupata dalili nyepesi na kupona upesi, na kwamba ni busara kutazamia hali mbaya zaidi pale virusi vitakapofika kwenye nchi zenye hospitali dhaifu. Tangazo la janga lilihusu kuenea, si kuua. Lawama ya haki kwa Shirika ni kwamba ngazi zake za tahadhari zilipima jambo moja wakati wananchi wote walidhani zinapima jingine. Neno janga, katika lugha yoyote, haliwezi kuvuliwa harufu ya maiti kwa maelezo ya kitaalamu. Hilo lilikuwa kosa kubwa la mawasiliano. Lakini kosa la mawasiliano si uongo, na anayelikuza mpaka liwe uongo anafanya kosa lilelile kwa upande wa pili.

Sisi tulikuwa na tatizo letu la ziada la lugha, nalo halijasemwa vya kutosha. Kwa Kiswahili, mafua ni makamasi ya vumbi, ni baridi ya asubuhi, na ni pia virusi vinavyojaza mapafu maji. Neno moja limebeba vyote, na mtu akiambiwa kuna mafua mapya husikia makamasi. Upande wa pili, homa ya nguruwe ni jina ambalo wafugaji wetu walikuwa nalo tayari kwa ugonjwa mwingine kabisa, ule unaomaliza mabanda ya nguruwe na usiomgusa binadamu hata kidogo. Kwa hiyo nusu ya wasikilizaji waliona ni jambo dogo, na nusu wakaiogopa nyama ambayo haikuwa na kosa. Shirika lilibadili jina kuwa A(H1N1) mwisho wa Aprili, lakini lilikuwa limechelewa: Misri ilikuwa imeshaamuru kuchinjwa kwa nguruwe wote nchini, wapatao 300,000, kabla ya kuthibitisha hata mgonjwa mmoja. Nguruwe hao walikuwa wakila mabaki ya chakula cha jiji la Cairo. Baada yao taka zikarundikana mitaani. Ule ndio mfano halisi wa hofu isiyofuata ushahidi, na sina neno la kuutetea.

Sasa tuje kwenye wafu. Namba inayotajwa zaidi na wanaodharau janga lile ni 18,500, vifo vilivyothibitishwa maabara duniani kote hadi Agosti 2010, Shirika lilipotangaza kuwa janga limekwisha. Ni namba ndogo, na ni ndogo kwa sababu ileile iliyofanya 150 ya Mexico ionekane 7. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Fatimah Dawood wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa walichapisha makadirio ya mwaka wa kwanza wa virusi hivyo: vifo 201,200 vya mfumo wa hewa na vingine 83,300 vya moyo na mishipa ya damu, jumla yake ikiwa zaidi ya mara 15 ya vile vilivyothibitishwa. Kiwango cha chini kabisa cha makadirio yao ni 151,700 na cha juu ni 575,400. Asilimia 80 ya waliokufa walikuwa chini ya miaka 65. Na asilimia 51 walikuwa wa Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki, maeneo ambayo kwa pamoja yalikuwa na watu wachache kuliko nusu ya dunia. Mwaka uliofuata kundi jingine, kwa njia tofauti kabisa, likakadiria vifo vya mfumo wa hewa kati ya 123,000 na 203,000 kwa miezi tisa ya mwisho ya 2009. Makundi mawili, njia mbili, na yote mawili yanasema idadi iliyothibitishwa ilikuwa kipande kidogo tu cha ukweli.

Atainuka mpinzani aliye makini na kusema: sawa, tuchukue 280,000, mafua ya kawaida nayo huua kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka, kwa makadirio ya Shirika lenyewe. Basi tofauti iko wapi? Hoja hii ni nzito kuliko zote na inastahili jibu lisilokwepa. Tofauti iko kwenye umri. Marekani ilikadiria kwamba katika mwaka ule virusi viliua watu 12,469, wachache kuliko wanaokufa katika msimu mbaya wa mafua ya kawaida. Lakini karibu 9 kati ya kila 10 walikuwa chini ya miaka 65, ilhali katika msimu wa kawaida walio wengi ni wazee. Wazee wa 2009 walisalimika kwa bahati ya kihistoria: waliozaliwa kabla ya 1957 walikuwa wamewahi kukutana na ndugu wa mbali wa virusi hivyo, na miili yao iliwakumbuka. Watafiti waliohesabu umri wa waliokufa Marekani walipata wastani wa miaka 37. Mtu wa miaka 37 ana watoto wanaosoma, ana wazazi wanaomtegemea, na mbele yake kuna miaka arobaini. Namba ya maiti ikilingana, msiba haulingani. Wajawazito walikuwa takribani asilimia 1 ya wananchi wa Marekani, lakini karibu asilimia 5 ya waliokufa.

Hata kile kilichoitwa upole wa virusi kilikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya mikono ya watu. Mfano bora ni Australia na New Zealand, zilizokutana na virusi katikati ya majira yao ya baridi. Ndani ya miezi mitatu, wagonjwa 722 waliothibitishwa waliingia vyumba vya wagonjwa mahututi katika nchi hizo mbili. Zaidi ya asilimia 92 walikuwa chini ya miaka 65. 66 walikuwa wajawazito. Karibu theluthi mbili waliwekewa mashine za kupumulia, kwa kawaida kwa siku nane hivi. Hadi mwanzoni mwa Septemba walikuwa wamekufa 103. Hebu tuondoe mashine. Tuondoe oksijeni, tuondoe wauguzi wa zamu ya usiku, dawa za kuua vijidudu vinavyopanda juu ya mapafu yaliyodhoofika, gari la wagonjwa lililofika kwa wakati. Je, wangekufa 103? Virusi ni vilevile. Asili ya hesabu ni ileile. Kiasi kingeweza kuwa 400 au 500, na takwimu zingesema kwamba virusi ni vikali. Ukali, basi, hauko ndani ya virusi peke yake. Uko kati ya virusi na kitanda kinachompokea mgonjwa.

Hili halihitaji kukisiwa, kwa kuwa limewahi kutokea karibu nasi. Kati ya Julai na Agosti 2002 mafua yaliingia nyanda za juu za Madagascar, na watu wapatao 30,000 wakaugua huku vifo vikikaribia 800. Walipopimwa, virusi vilikuwa vya kundi la H3N2 lililokuwa likizunguka dunia nzima, aina ambayo Ulaya na Marekani zilikuwa zinaishi nayo kama mafua ya msimu. Hakukuwa na virusi vipya. Kulikuwa na milima, umbali, utapiamlo, na zahanati zisizo na dawa. Mtu anayechukua takwimu za Uingereza za 2009 na kutuambia kwamba mafua yale yalikuwa mepesi, anatusomea kipimo cha damu ya mtu mwingine.

Na sisi tulipima nini? Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza mwishoni mwa Juni 2009, Uganda na Tanzania mwezi Julai. Kulikuwa na vituo vichache vilivyokuwa na macho. Kibera jijini Nairobi na Asembo magharibi mwa Kenya, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na washirika wao walikuwa wakiwafuatilia wakazi nyumba kwa nyumba. Kilifi, pwani ya Kenya, kulikuwa na rekodi za hospitali na za jamii. Ifakara, Tanzania, walikuwa wakiandika vizazi na vifo. Nje ya visiwa hivyo, bahari ya kutojua. Vifo vingi katika nchi zetu vilitokea nyumbani na havikuandikwa popote na mtu mwenye ujuzi wa kutaja chanzo chake. Afrika Kusini, iliyokuwa na maabara nzuri kuliko majirani zake, iliona katika vifo vyake vya mwanzo idadi kubwa ya wajawazito, na kati ya waliopimwa VVU karibu nusu walikuwa navyo. Sisi tuna wajawazito na tuna VVU. Hatukuwa na maabara za kutosha. Kisha tukachukua kutoona kwetu tukakuita kutokuwepo. Chanjo ambazo Shirika la Afya Duniani lilizigawa bure kwa nchi 77, dozi milioni 78, zilianza kusafirishwa mwaka 2010, wimbi likiwa limeshapita sehemu nyingi. Nchi zilizochanja watu wao kwa wakati ndizo zilizokaa kujadili kama ilikuwa lazima kuchanja.

Mjadala huo, uliopamba moto hasa Ulaya, una upande wa haki, na makala ya mabishano isiyoukubali haifai kusomwa. Mwaka 2010 Baraza la Ulaya lilipokea ripoti kali ya mbunge wa Uingereza Paul Flynn, na daktari na mwanasiasa wa Ujerumani Wolfgang Wodarg akawa msemaji mkuu wa dai kwamba janga lilikuwa bandia, lililochochewa na kampuni za dawa. Jarida la BMJ lilionyesha kwamba baadhi ya wataalamu walioandika miongozo ya Shirika walikuwa wamelipwa na watengenezaji wa dawa za mafua. Majina ya wajumbe wa kamati ya dharura iliyolishauri Shirika yalifichwa mpaka janga likaisha. Tovuti ya Shirika ilikuwa na maelezo yaliyotaja vifo vingi kama sehemu ya maana ya janga, na mwanzoni mwa Mei 2009 maelezo hayo yakaondolewa. Uingereza ilitumia zaidi ya pauni milioni 400 kununua Tamiflu, dawa ya mafua ambayo uchambuzi uliotolewa mwaka 2014 ulikuta inapunguza dalili kwa muda usiofika hata siku nzima. Na Pandemrix, mojawapo ya chanjo za 2009, ilihusishwa, kwanza Finland na Sweden, na nakolepsia, maradhi ya kusinzia ghafla ambayo watoto waliopatwa nayo wataishi nayo. Hayo yote ni kweli, na aliyeyafichua ametusaidia.

Lakini tazama dai linaloruka kutoka hapo, kwamba janga lenyewe lilinunuliwa. Kamati huru iliyoongozwa na Harvey Fineberg ilipitia mwenendo wa Shirika na kutoa ripoti mwaka 2011. Ililaumu usiri, ililaumu ngazi za tahadhari zisizopima ukali, na haikupata ushahidi kwamba uamuzi ulinunuliwa. Mfanyabiashara kufaidika na mvua si ushahidi kwamba ndiye aliyeileta. Kampuni zingeuza chanjo hata kama virusi vingekuwa vya 1918. Faida yao haituambii lolote kuhusu sehemu ile yenye kiasi na asili. Rushwa ichunguzwe kama rushwa, na ukali upimwe kama ukali. Wodarg mwenyewe alirudi mwaka 2020 akisema kwamba virusi vipya vya korona si jambo la ajabu, na akasikilizwa na wengi kwa kuwa alionekana alikuwa sahihi mara ya kwanza. Alitumia fomula ileile iliyompa sifa kwa janga la 2009, bila kupima upya chochote. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Kuna pingamizi jingine ambalo nalipokea nusu. Mwezi Julai 2009 serikali ya Uingereza ilitaja uwezekano wa vifo 65,000. Waliokufa ni 457. Magazeti yaliishika ile namba ya juu, ingawa ilikuwa mwisho wa upana ulioanzia 3,100, na ilitolewa ili hospitali zijue ziandae vitanda vingapi. Mpaka hapo natetea. Lakini hata 3,100 ilikuwa karibu mara saba ya kilichotokea, na upana unaokosa ukweli ndani yake ni upana uliopimwa vibaya, hilo likubaliwe. Linalonipa imani ni kilichofuata: Septemba ikashushwa kuwa 19,000, na kabla ya mwaka kwisha ikawa 1,000. Walikuwa wanasahihisha hadharani, ushahidi ulivyoingia. Mwaka 1976, huko Marekani, haikuwa hivyo. Askari mmoja alikufa katika kambi ya Fort Dix, wengine kadhaa wakaugua, virusi havikutoka nje ya kambi, na bado zaidi ya watu milioni 40 walichanjwa kabla mpango haujasimamishwa kwa kuwa chanjo ilihusishwa na ugonjwa wa kupooza wa Guillain-Barré. Pale ushahidi ulibadilika na mpango haukubadilika. Kwa hiyo sisemi kwamba kila anayepiga mbiu yuko sahihi. Nasema kipimo cha usahihi wake ni kama anautazama ushahidi unavyobadilika, na si kama mwishowe wamekufa wengi.

Kosa la kuhukumu kabla ya kuhesabu linajirudia sasa hivi, kwa sura mbili zinazopingana. Virusi vya H5N1, mafua ya ndege, viliua 6 kati ya watu 18 walioambukizwa Hong Kong mwaka 1997, na tangu 2003 watu zaidi ya 900 wamethibitishwa duniani, karibu nusu yao wakafa. Wapo wanaosema basi ni virusi vinavyoua nusu ya watu. Halafu tangu 2024 Marekani imekuta wagonjwa wapatao 70, wengi wao wafanyakazi wa mazizi ya ng'ombe wa maziwa na mashamba ya kuku, macho yakiwa mekundu na homa kidogo, kifo kimoja kikiripotiwa Louisiana Januari 2025. Wapo wanaosema basi vimekuwa vipole. Kundi la kwanza lilihesabiwa hospitalini, miongoni mwa waliofika wakiwa hoi. La pili lilihesabiwa mazizini, kwa kuwafuata watu wanaosimama wakifanya kazi. Aina za virusi nazo hazifanani kabisa, na njia zilizoviingiza mwilini ni tofauti. Hakuna hata moja ya namba hizo inayotuambia vitafanya nini vikianza kuambukiza mtu kwa mtu katika daladala za Dar es Salaam au matatu za Nairobi. Anayekuja na jibu moja kati ya hayo mawili aulizwe kwanza: uliwahesabu akina nani, wapi, na nani hakuhesabiwa?

Swali hilohilo linarudi kwa 2009. Makadirio ya Dawood na wenzake yanaanzia 151,700 na kuishia 575,400. Upana huo haukutokana na uvivu wa watafiti. Kwa Afrika walilazimika kutumia viwango vya vifo vya kichomi vya nchi zetu ili kubashiri kile ambacho hatukukipima. Katikati ya namba hizo mbili kuna pengo la watu 423,700, na sehemu kubwa ya pengo hilo inatokana na nchi zisizo na daftari la vifo, nchi kama zetu, ambako hadi leo tunaambiana vijiweni kwamba mafua yale hayakuua mtu.